Namba Zinazooana: Mwongozo Kamili wa Kupima Uasili wa Gari la Michezo la Kale na Kulitafutia Vipuri Vyake

Weka spana chini kwanza. Makosa makubwa katika kulifufua gari la kale hufanyika siku za mwanzo kabisa, mwenye gari akiwa bado na hamu: anafungua, anasugua, anatupa, na pamoja na kutu anafuta alama ambazo ndizo zingemwambia gari lake ni lipi. Kutu hutibika. Alama iliyoliwa na grainda hairudi.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyenunua, au anayefikiria kununua, gari la michezo la miaka ya 1950 hadi 1970, na anataka kujua mambo mawili: vipuri gani vilitoka nalo kiwandani, na palipokosekana kitu, alete kipi badala yake. Mifano nimeichukua kwa magari ambayo kumbukumbu zake ni nyingi, kama Jaguar E-Type, MGB, Porsche 911, Chevrolet Corvette na Datsun 240Z, lakini njia ni ileile kwa gari lolote. Msimamo wangu nautanguliza: usiiamini namba moja peke yake, hata iwe safi namna gani. Namba hugongwa kwa nyundo kwa dakika chache. Cha kuaminika ni namba, tarehe, uso wa chuma na vipuri vidogo vya jirani vinapokubaliana bila kulazimishwa.

Hatua ya 1: Panga madaraja, kisha amua unakokwenda

Kila kipuri utakachokishika kipe daraja moja kati ya manne. La kwanza ni kilichofungwa kiwandani kwenye gari hilihili. La pili ni cha kiwanda kilekile, toleo lilelile na kipindi kilekile, ila kilitoka kwenye gari jingine. La tatu ni cha kiwanda lakini cha miaka mingine, au kile kilichouzwa baadaye kama mbadala rasmi. La nne ni kilichoigwa na watengenezaji wa leo.

Madaraja haya ndiyo lugha ya bei. Muuzaji hupenda kulipandisha daraja la pili liwe la kwanza, na mara nyingi hana nia mbaya. Naye aliambiwa hivyo na aliyemuuzia. Kazi yako ni kukirudisha kila kitu mahali pake kabla hujatoa fedha.

Halafu amua gari linakwenda wapi. Kama rangi ya kiwanda, viti na mazulia bado vipo, hata vikiwa vimechakaa, ushauri wangu ni kuhifadhi: safisha, zuia kutu, rekebisha mitambo, basi. Gari la namna hiyo lina habari ambazo hakuna karakana inayoweza kuzitengeneza upya. Kama bodi ilishapakwa rangi mara kadhaa na ndani hakuna kilichobaki, kulirudisha katika hali ya kiwandani hakuharibu kitu. Njia ya tatu, kulitengeneza la kuendeshwa na kuliboresha hapa na pale, ni halali kabisa ilimradi kila kinachofanyika kiweze kufunguliwa na kurudishwa kilivyokuwa.

Hatua ya 2: Karatasi kabla ya chuma

Andika namba ya chesi, kisha tafuta kumbukumbu za kiwanda. Kwa Jaguar, shirika la Jaguar Daimler Heritage Trust hutoa cheti kinachoonyesha namba za chesi, injini, gia boksi na bodi, pamoja na rangi na tarehe. Kwa MG na magari mengine mengi ya Uingereza, kumbukumbu ziko British Motor Museum, Gaydon. Porsche na Ferrari wana idara zao. Kwa Corvette za kuanzia 1967, karatasi ya maagizo ya kiwandani ilibandikwa juu ya tangi la mafuta, na mara nyingine bado iko palepale chini ya vumbi. Usilishushe tangi bila kuifikiria karatasi hiyo.

Soma cheti kwa uangalifu. Kinakuambia gari lilitokaje kiwandani. Hakisemi lolote kuhusu gari lililosimama mbele yako leo. Tazama pia tarehe zenyewe. Siku ya kuundwa, siku ya kupelekwa na siku ya kusajiliwa ni vitu vitatu tofauti, na kati ya ya kwanza na ya mwisho inaweza kupita miezi mingi. Kwa magari ya Marekani, jihadhari na mwaka wa toleo: gari la toleo la 1967 linaweza kuwa liliundwa vuli ya 1966.

Baada ya hapo pata kitabu cha vipuri cha gari lako, toleo la miaka ileile. Vitabu hivi huonyesha mabadiliko kwa namba ya chesi: kuanzia namba fulani ufunguo wa mlango ni huu, kabla yake ulikuwa ule. Matoleo ya baadaye hufuta namba za zamani na kuweka za vipuri mbadala, kwa hiyo ukitumia kitabu cha miaka kumi baadaye utanunua daraja la tatu ukidhani ni la pili.

Hatua ya 3: Piga picha gari likiwa chafu

Picha za maana zaidi ni za uchafu. Piga kila pembe kabla ya kuosha: nyaya zilivyopita, klipu zilivyokaa, bolti ipi iliingizwa upande gani, doa la rangi lililopakwa kwa brashi kwenye difu au kwenye nati ya usukani. Madoa hayo ya njano, meupe au ya bluu mara nyingi ni alama za wakaguzi wa kiwandani, na ndivyo vitu vya kwanza kuondoka kwenye ndoo ya mafuta ya taa. Pembeni ya kila kitu weka rula, ili picha iwe na kipimo.

Kila unachofungua kiingie kwenye mfuko wake na bolti zake, kikiwa na karatasi inayosema kilitoka wapi. Usitupe chochote, hata bomba lililopasuka. Bomba lililopasuka linakuambia urefu, mkunjo, nembo na aina ya klipu.

Nyuma ya vibao vya milango, chini ya viti na ndani ya buti, tafuta maandishi ya chaki au penseli ya nta. Katika magari yaliyofungwa kwa mikono, hasa ya Italia, mafundi wa bodi walikuwa wakigonga au kuandika namba ya bodi kwenye vipande ili visichanganyike na vya gari la jirani. Ukikuta namba moja nyuma ya kibao cha mlango wa kushoto, wa kulia na kwenye fremu ya boneti, umepata ushahidi ambao hakuna mghushi anayeufikiria.

Hatua ya 4: Zisome namba, na usome chuma kinachozibeba

Hapa usiwe na haraka. Kuna aina mbili za namba na watu huzichanganya. Namba ya kalibu imesimama juu ya chuma, kwa sababu ilikuwamo ndani ya kalibu bloku iliposubiwa. Hiyo inataja aina ya kipande, na maelfu ya bloku zinaweza kuwa nayo. Namba ya kugongwa imezama ndani ya chuma, na ndiyo inayoifunga injini na gari moja. Muuzaji anayekuonyesha namba ya kalibu na kusema "namba zinaoana", yaani injini ni ileile iliyotoka na gari, amekuonyesha tu kwamba injini ni ya aina inayotakiwa.

Safisha mahali pa namba kwa mafuta ya taa na brashi laini ya nailoni. Brashi ya waya usiiguse, wala msasa. Kisha zima taa za karakana, lete tochi na uilaze karibu na uso wa chuma ili mwanga upite ubavuni. Vivuli vitakuonyesha yale ambayo mwanga wa juu unayaficha: namba ya zamani iliyosagwa ikabaki kama kivuli, sehemu iliyojazwa kwa kuchomelea, mistari ya grainda. Mwisho weka karatasi nyembamba juu na uisugue kwa penseli, upate nakala ya ukubwa halisi ya kulinganisha na gari jingine lisilo na shaka.

Chukua Corvette ya toleo la 1967 kama mfano. Kwenye bloku ya Chevrolet tarehe ya kusubiwa huandikwa kwa herufi ya mwezi, siku, na tarakimu ya mwisho ya mwaka. Ukisoma C 14 7, ni Machi 14, 1967, kwa kuwa A ni Januari. Upande wa mbele wa bloku, kwenye bapa dogo mbele ya silinda hedi, imegongwa tarehe ya kuunganishwa kwa injini: tuseme 0329, yaani Machi 29, ikifuatwa na herufi zinazotaja aina ya injini. Kama gari lenyewe lilikamilika katikati ya Aprili, mfuatano umekaa sawa: bloku ilisubiwa, ikapoa, ikachongwa, injini ikaunganishwa, ikaingia kwenye gari. Bloku iliyosubiwa Mei haiwezi kuwa ndani ya gari la Aprili, hata namba iliyogongwa ikisema nini. Na bloku iliyotangulia gari kwa mwaka mzima inahitaji maelezo mazuri sana.

Sasa litazame bapa lenyewe. Mashine ya kiwandani iliyolainisha uso huo iliacha mistari myembamba iliyonyooka, sambamba, kutoka mbele kwenda nyuma, na namba ziligongwa juu ya mistari hiyo. Ukiona uso unaong'aa kama kioo, au wenye mizunguko ya msasa, na namba zimekaa juu yake zikiwa na kingo kali, simama hapo. Linganisha umbo la tarakimu moja moja: mguu wa 1, tumbo la 6, kichwa cha 3. Kiwanda kilitumia seti zake za mihuri, na mihuri ya dukani haifanani nayo.

Lakini haki itendeke. Injini iliyowahi kufanyiwa ukarabati mkubwa inaweza kuwa ilipelekwa kwenye mashine kulainishwa uso wa juu, na fundi mwaminifu akafuta namba bila kujua thamani yake. Kukosekana kwa namba si wizi. Namba mpya kwenye uso mpya ndiyo inayohitaji kuulizwa.

Jaguar E-Type inatoa somo jingine. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku, juu ya chujio la oili, na tena kwenye silinda hedi upande wa mbele. Zote mbili zifanane. Zikitofautiana, hedi ilibadilishwa, jambo la kawaida kwa hedi za aluminiamu zilizoliwa na maji, na bado bloku inaweza kuwa yenyewe. Angalia pia herufi za mwanzo. Injini za lita 3.8 zilianza na R au RA. Za lita 4.2, zilizoingia Oktoba 1964, zilianza na 7E. Kwa hiyo gari lenye usukani wa kulia na paa, namba ya chesi ikiwa katika mfululizo wa 860001 na kuendelea, lilikuwa la 3.8. Ukikuta 7E ndani yake, injini ni ya gari la baadaye. Litaenda vizuri, pengine vizuri kuliko mwanzo, ila bei yake iwe ya gari lililobadilishiwa injini. Tarakimu ya mwisho baada ya kistari, 8 au 9, inataja kiwango cha mgandamizo. Nayo ilinganishwe na cheti.

Neno moja kuhusu kujigongea namba. Kuna watu hununua bloku sahihi ya kipindi kisha wakaigonga namba iliyo kwenye cheti, wakisema wanalirudishia gari heshima yake. Mimi nalipinga jambo hili kabisa. Kubadili namba ya utambulisho ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na hata pale sheria isipofika, mnunuzi anayefuata atakuwa amedanganywa. Bloku ya kipindi yenye namba yake yenyewe ni kitu cha heshima. Iache hivyo.

Hatua ya 5: Bodi

Injini hubebwa kwa winchi asubuhi moja. Bodi ndiyo gari. Anza na nafasi kati ya milango, boneti na buti, halafu ingia chini. Weldi za nukta za kiwandani ni vishimo vidogo vya mviringo, vimepangwa kwa umbali unaokaribiana, na huonekana wazi kwenye kingo za sakafu na fremu za milango. Kipande kilichobadilishwa huwa na madonge ya kuchomelea, au uso uliosagwa laini pasipotakiwa kuwa laini. Umaridadi uliozidi mahali pa kujificha ni dalili ya kazi ya baadaye, kwa sababu kiwanda hakikuwa na muda wa kupendezesha kisichoonekana.

Kipima unene wa rangi kinasaidia ukikitumia kwa kulinganisha. Usihangaike na namba moja. Pitisha kwenye gari zima na uchore ramani. Kikisoma mikroni 150 kwenye mlango na 1,000 nyuma ya gurudumu, chini ya rangi pana puti. Kipima cha sumaku hufanya kazi kwenye chuma tu. Aluminiamu inataka kipima cha aina nyingine, na Corvette, ambayo bodi yake ni ya nyuzi za kioo, haipimiki kwa njia hizo. Huko tafuta vipande vya kuunganishia vilivyogandishwa nyuma ya maungio ya bodi, ukichungulia ndani ya matao ya magurudumu. Mahali vilipokosekana, paneli ilibadilishwa. Kumbuka pia kwamba viwanda vingi vilijaza maungio kwa risasi iliyoyeyushwa. Hiyo ni kazi ya asili, si ubovu, na vumbi lake ni sumu: usilisage mkavu.

Magari yaliyo na ndugu ghali ndiyo yanayoghushiwa sana. Porsche 911 Carrera RS 2.7 zilitoka 1,580 tu, na 911 ya kawaida iliyovishwa mkia wa bata (bawa dogo juu ya kifuniko cha nyuma) na maandishi ya ubavuni inaweza kuifanana kwa mbali. Kwa gari la namna hiyo namba ya chesi, namba ya injini na ya gia boksi, na unene wa shiti za bodi vyote vichunguzwe na mtu anayezijua RS, kabla ya bei kutajwa. Kwenye MGB udanganyifu ni mdogo na wa kawaida zaidi: magari ya kuanzia mwishoni mwa 1974 yalikuwa na bampa za mpira mweusi na yaliinuliwa juu, na mengi yamerudishiwa bampa za kromu. Chungulia nyuma ya viti. Magari ya kromu yalibeba betri mbili za volti 6. Ukikuta sehemu ya betri moja tu ya volti 12, umejua.

Hatua ya 6: Waulize walio wadogo

Vipuri vidogo huachwa bila kughushiwa kwa sababu havina bei. Ndiyo maana navipenda. Vifaa vya umeme vya Lucas, yaani dinamo, stata, distributa na mota ya waipa, vimegongwa mwezi na mwaka kwenye ganda: 7 66 ni Julai 1966. Vikiwa vyote vinaangukia miezi michache kabla ya gari, na havijapishana, hapo panazungumza gari ambalo halijavurugwa. Kimoja kikiwa cha miaka minne baadaye, kilibadilishwa, na hakuna ubaya.

Geji za Smiths zina namba ndogo iliyochapwa chini ya uso, na kwenye spidomita kuna tarakimu nyingine kama 1280, ambayo ni idadi ya mizunguko ya kebo kwa maili moja. Hiyo lazima ikubaliane na difu na gia boksi. Spidomita nzuri yenye tarakimu isiyofaa itakudanganya mwendo kila siku. Kabureta za SU hubeba kibati kidogo cha aluminiamu chini ya skrubu ya kifuniko cha chumba cha boya, chenye namba inayoanza kwa AUC au AUD. Vibati hivi hupotea kwa urahisi, na vipya vinauzwa, kwa hiyo tazama pia kalibu ya kabureta yenyewe. Katika Datsun 240Z, kabureta za vichwa vya duara ni za kabla ya toleo la 1973, lililokuja na za vichwa bapa. Wenye 1973 wengi walizing'oa, na hapo gari linalotembea vizuri na gari lililo kama lilivyotoka kiwandani ni mawili.

Vioo vina nembo zenye alama za tarehe, na mikanda ya viti ina lebo. Kioo cha mbele kisamehe, kwani hupasuliwa na mawe. Vioo vya pembeni na vya nyuma ndivyo vya kusikilizwa. Rimu za Fuchs za Porsche zilifuliwa kwa shinikizo, hazikusubiwa, na nyuma yake kuna ukubwa na tarehe zilizogongwa.

Bolti nazo. Vichwa vya bolti za Uingereza za wakati ule mara nyingi vina jina la mtengenezaji, kama GKN au Wiley. Za Marekani zina mistari inayotaja nguvu ya bolti: mitatu ni daraja la 5, sita ni daraja la 8. Kichwa kilichoandikwa 8.8 ni cha mfumo wa mita, na kikiwa kwenye gari la Uingereza la miaka ya 1960, kuna mkono uliopita hapo.

Hatua ya 7: Kuoanisha kipuri kipya na cha zamani

Sasa umejua kilichopo na kilichokosekana. Andaa daftari lenye mstari kwa kila kipuri: daraja lake, hali yake, na uamuzi wako. Utaratibu wangu wa uamuzi ni huu: tengeneza cha daraja la kwanza hata kama kazi ni kubwa, kikishindikana tafuta cha daraja la pili, la nne liwe la mwisho, isipokuwa kwa vitu vya usalama ambavyo nitavitaja. Kuchomelea, kunyoosha na kuchovya upya kromu mara nyingi huokoa kipande ambacho mwenye gari alishakikatia tamaa.

Kabla ya kununua, mwombe muuzaji picha nne: mbele, nyuma, namba, na mahali kinapofungwa. Nyuma ndiko kuna ukweli. Kipuri cha kuigwa hukaribia mno kwa mbele, lakini nyuma mistari ya kalibu ni minene, kona ni butu, skrubu ni za aina nyingine. Kikifika, kiweke kando ya cha zamani. Pima kwa vernia unene, urefu, na umbali kati ya matundu. Pima uzito pia. Bati jembamba hujifichua kwenye mizani. Kijaribu mahali pake kabla ya kupaka rangi au kromu, maana duka halitakirudisha kikishapakwa.

Nyuzi za bolti ndizo zinazoharibu fedha nyingi kimyakimya. Bolti ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, na ya M8 ina milimita 8. Zitashikana kwa vidole mzunguko mmoja au miwili, kisha zitakaza, na mwenye nguvu atamalizia kwa spana na kuiua nyuzi ya bloku. Nunua kipima nyuzi, ni kifaa cha bei ndogo. Na usikitegemee kichwa: injini ya XPAG, iliyokuwa kwenye MG TC na TD, ina bolti zenye nyuzi za mita na vichwa vya Whitworth, vipimo vya zamani vya Uingereza. Aliyesoma spana pekee ameshaingia shimoni.

Mng'ao wa bolti uwe ule wa kiwandani. Nyingine zilikuwa za zinki, nyingine za kadimi, nyingine nyeusi za fosfeti. Chumba cha injini chenye bolti zote za chuma cha pua zinazong'aa sawasawa kinapendeza kwa asiyejua, na kwa anayejua kimepoteza sura yake. Tafuta bolti moja iliyojificha, isiyopigwa na hewa, uisome rangi yake. Kadimi usiisugue ikiwa kavu. Vumbi lake ni hatari kwa mapafu na figo.

Tahadhari na vipuri vya zamani ambavyo havijawahi kufungwa. Gia, lenzi za taa na nembo za kromu za namna hiyo ni hazina. Vya mpira ni mtego: bomba la breki lililokaa rafuni miaka arobaini ni kuukuu hata kama boksi lake halijafunguliwa.

Hatua ya 8: Mahali pa kuuacha uasili bila majuto

Tairi, mabomba ya breki, mabomba ya mafuta na mipira ya silinda za breki: weka vipya, siku zote. Mabomba ya zamani ya mafuta hayakutengenezwa kwa petroli yenye ethanoli na hulainika yakavuja juu ya manifoldi. Tairi za kuanzia 2000 zina tarakimu nne za wiki na mwaka. Zisome hata kama gamba linaonekana jipya. Yapo makampuni yanayotengeneza leo tairi zenye sura ya miaka ile kwa mpira mpya, na hapo hulazimiki kuchagua kati ya sura na uhai.

Vitambaa vya breki na klachi vya zamani vina asbesto. Usivipulize kwa hewa wala kuvisaga. Vilowanishe, vifunge kwenye mfuko, na uvitupe kwa utaratibu unaokubalika.

Umeme unataka uamuzi wa makini. MGB za kabla ya toleo la 1968 zilikuwa na dinamo na chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Alteneta ni nafuu ya kweli kwa anayeendesha usiku, ila ukigeuza chanya na hasi lazima uyapitie yote yanayojali upande: koili, redio, geji ya mizunguko ya injini. Dinamo ya zamani isafishe, ifunge kwenye kitambaa cha mafuta, na iandike namba ya chesi.

Hatua ya 9: Faili la gari

Mwisho wa kazi, daftari lile la madaraja ligeuze kuwa faili: cheti cha kiwanda, picha za uchafu, nakala za penseli za namba, risiti, na orodha ya kila kilichobadilishwa pamoja na daraja lake. Paneli mpya igonge alama ndogo na mwaka mahali pasipoonekana, na uandike kwenye faili alama hiyo iko wapi. Vipuri vilivyotolewa viwe kwenye masanduku yenye orodha ndani ya kifuniko.

Ukiuza, toa faili zima kabla mnunuzi hajauliza, na ukurasa wa kwanza uwe ule wa vitu ambavyo havikutoka na gari: injini ya mwaka gani, sakafu ilibadilishwa upande upi, viti vilivalishwa ngozi ya nani. Orodha hiyo ikiwa wazi, mnunuzi mwenye ujuzi hana sababu ya kuitilia shaka ile nyingine, ya vitu vilivyo vyenyewe, na mazungumzo ya bei yanaanzia hapo.